Gramu Tatu Zilizopotea

Sarafu ilikuwa mahali pake, ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya pamba. Hilo ndilo lililomfanya Konstebo Mwaura afunike kalamu yake kabla ya kuandika hata mstari mmoja.

"Mama, umeripoti kwamba umeibiwa sarafu," alisema. "Na sarafu si ndiyo hii?"

"Hiyo si yangu."

"Yako ilikuwa na picha ya tembo?"

"Ya tembo."

"Hii pia ina tembo. Ya mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa kumi na sita."

Mwaura aliigeuza. Ilikuwa 1916. "Sasa tofauti iko wapi?"

"Iko kwa uzito," alisema Mama Awuor. "Hiyo ni nyepesi. Nimeishika, mkono ukakataa."

Mwaura alimtazama mkubwa wake. Inspekta Kavata wa idara ya upelelezi alikuwa amesimama karibu na dirisha la sebule hiyo ndogo ya mtaa wa Woodley, mikono nyuma. Mama huyu alikuwa amefika kituoni mara tatu kwa siku tatu, na kila mara alirudishwa nyumbani kwa upole. Asubuhi hiyo mkuu wa kituo alikuwa amemwambia Kavata aende akaimalize hadithi hiyo.

Mlangoni alisimama Oloo, mwana wa mama huyo, karani wa kampuni ya bima, funguo za gari mkononi. Alimwashiria inspekta watoke nje.

"Afande, mtusamehe," alisema walipofika kwenye ua. "Mama ana miaka sabini na mmoja. Siku hizi anasahau. Juzi nilikuta gesi inawaka na hakuna sufuria juu. Jumamosi nampeleka nyumbani Siaya apumzike. Kibanda chake cha sokoni nimeshapata mtu wa kukichukua."

"Yeye amekubali?"

"Atakubali."

"Wewe ulijua thamani ya hiyo sarafu?"

Oloo alisita. "Niliangalia kwa simu. Niliona bei kubwa, nikamwambia aende kwa mtaalamu. Mtaalamu akasema ni shaba, akampa bei ya shilingi mia tatu. Basi, ikaisha."

"Mtaalamu gani?"

"Mzee Kitonga. Ana duka la sarafu na stempu mjini, karibu na Mtaa wa Biashara. Alikaa nayo siku nne akiichunguza."

"Nani mwingine aliyewahi kuishika?"

"Hakuna. Ni mimi na mama tu."

"Basi kuna watu wawili kwenye orodha yangu, Bwana Oloo," alisema Kavata. "Mmoja ni huyo mtaalamu. Wa pili ni wewe."

Alirudi ndani, akaketi karibu na mama, akamwomba aanze mwanzo kabisa.

Sarafu hiyo ilikuwa ya babu yake, Okinyi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alichukuliwa akiwa kijana wa miaka ishirini, akawa mpagazi wa jeshi la Waingereza, akabeba masanduku ya risasi hadi ndani ya nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Wengi walioondoka naye hawakuonekana tena. Yeye alirudi akiwa mifupa mitupu, na sarafu moja imeshonwa kwenye pindo la blanketi. Hakuwahi kusema aliipataje. Alimwachia baba yake Awuor, na baba akamwachia Awuor.

"Nimeishika tangu nikiwa msichana," alisema. "Na kazi yangu ni kupima. Miaka thelathini na moja nauza viungo Kenyatta Market. Iliki, karafuu, pilipili manga. Mtu akitaka gramu kumi, nachota, naweka kwa mizani kumfurahisha tu. Mimi nimeshajua."

Oloo alishusha pumzi kwa nguvu. "Mama, tafadhali."

"Twende sokoni," alisema Kavata.

*

Moshi wa nyama choma ulikuwa umeshaanza kutanda Kenyatta Market, na wasusi walikuwa wakiwaita wateja kwa majina ya mitindo ya nywele. Kavata alimketisha Mama Awuor kwenye stuli ya kibanda chake, akamwomba ageukie ukuta na kufumba macho. Kisha akaenda kibanda cha tatu, kwa kijana wa dawa za asili aliyekuwa na mizani ya kielektroniki, akapima na kufunga vikaratasi vinne.

Aliweka cha kwanza kwenye kiganja cha mama.

"Kumi," alisema mama.

Mwaura alisoma namba ambayo Kavata alikuwa ameiandika. Kumi.

"Hiki?"

"Saba. Imepita kidogo, labda punje mbili."

"Saba nukta mbili," alisema Mwaura polepole.

"Hiki cha tatu?"

"Nne."

Ilikuwa nne kamili. Kavata aliweka cha mwisho. Mama Awuor alikishika, akakirusha mara moja hewani, akacheka.

"Saba. Lakini hii si iliki, inspekta. Umeniwekea mawe."

Mwuza dawa alipiga makofi. Mwaura alifunua kalamu yake, na safari hii akaandika. Oloo alitazama chini.

"Na ile gesi unayowaambia watu," mama alimwambia bila kugeuka, "uliiwasha wewe mwenyewe ukitaka chai, kisha ukapigiwa simu ukatoka. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mtoto wangu."

*

Kesho yake Lornah, mtaalamu wa metali katika maabara ya uchunguzi, aliiweka sarafu chini ya hadubini na kumkaribisha Kavata achungulie.

"Ni ya kumiminwa," alisema. "Unaona hivyo vitundu? Ni mapovu ya hewa. Sarafu halisi hupigwa kwa mashine, haiachi mapovu. Ndani ni shaba, juu imepakwa dhahabu nyembamba sana. Uzito ni gramu nne nukta moja."

"Halisi ingekuwa ngapi?"

"Saba na kidogo. Dhahabu ni nzito kuliko shaba karibu mara mbili, hata kama imechanganywa. Huwezi kupata shaba ya ukubwa huu yenye uzito wa saba, labda uifanye nene kama kizibo."

"Na thamani yake, hiyo halisi?"

Lornah alivua miwani. "Anayepima thamani ya sarafu ya kigeni huangalia metali, mahali ilikotengenezwa, na hali yake. Hizi za tembo zilitengenezwa Tabora. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, meli zao haziji, wakajitengenezea pesa kwenye karakana ya reli. Hiyo herufi T chini ya mwaka ndiyo Tabora. Zilizotengenezwa ni chache. Ukiiyeyusha, unapata bei ya pete nzito. Ukiiacha ilivyo, wanaozitafuta ng'ambo hulipa mamia ya maelfu ya shilingi."

Kavata alipiga mluzi mdogo.

"Kuna jambo lingine," Lornah aliendelea. "Chini ya mkonga wa tembo kuna kidonda, kama imewahi kugongwa na jiwe. Lakini kingo zake ni laini. Hakikugongwa hapa. Kilinakiliwa."

Kavata alipiga simu Kenyatta Market.

"Mama, sarafu yako ilikuwa na alama yoyote?"

"Chini ya mkonga," alijibu Mama Awuor. "Ndugu yangu aliigonga kwa jiwe tukiwa wadogo. Alichapwa."

Kwa hiyo aliyetengeneza bandia alikuwa na sarafu hiyo hiyo mkononi, na kwa muda wa kutosha kuifanyia kalibu ya kumiminia shaba. Bado walikuwa watu wawili.

"Mama, Mzee Kitonga alikupa karatasi yoyote ulipomwachia?"

"Alinipa risiti. Iko ndani ya Biblia yangu."

Mwaura aliifuata risiti Woodley. Kavata alipoisoma alisimama katikati ya ofisi, akaisoma tena kwa sauti.

"Imepokelewa sarafu moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1916, tembo. Hali nzuri, kidonda kimoja chini ya mkonga. Uzito, gramu saba nukta moja."

"Si alisema ni shaba?" aliuliza Mwaura.

"Alisema ni shaba."

"Na shaba haiwezi..."

"Haiwezi," alisema Kavata, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akatabasamu. "Chukua koti."

*

Duka la Kitonga lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa mzee nadhifu wa miaka sitini na mitano, sweta ya kijivu, kioo cha kukuzia kikining'inia kifuani kwa uzi. Aliwapokea kwa heshima, akawaagizia chai.

"Namkumbuka huyo mama," alisema. "Nilimsikitikia. Watu wengi wanakuja hapa na matumaini."

"Uliipima sarafu yake?"

"Napima kila kitu. Ndiyo kazi."

"Ilikuwa na uzito gani?"

"Sikumbuki. Nne hivi. Shaba."

Kavata aliweka risiti mezani. "Huu ni mwandiko wa nani?"

Kitonga aliinua kioo chake, ingawa maandishi yalikuwa makubwa. Alikaa nacho jichoni kwa muda.

"Ni wangu."

"Umeandika ngapi?"

"Saba nukta moja." Alishusha kioo. "Mizani yangu ni ya zamani, inspekta. Huenda ilikosea."

"Ulimrudishia hiyo hiyo aliyokuletea?"

"Hiyo hiyo. Kama imebadilika, ilibadilikia nyumbani kwake. Huyo kijana wake aliniuliza bei mara mbili kwa simu. Muulizeni yeye."

Kisha akainama na kumsemesha Kavata kwa Kikamba, sauti ya chini, ya kindugu, akimuuliza kwao ni Ukambani wapi.

"Tuzungumze Kiswahili, Bwana Kitonga," alisema Kavata. "Konstebo anaandika."

Ngazini Mwaura alinong'ona, "Afande, ni yeye."

"Najua ni yeye. Lakini wakili wake atasema mizani ilikosea, na mtoto ndiye aliyebadilisha. Bila sarafu yenyewe, tuna karatasi tu."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi walirudi na hati ya upekuzi. Kundi moja lilikwenda nyumbani kwa Kitonga huko Uthiru, jingine likaingia dukani. Kavata alimwomba Oloo amlete mama yake, wangoje kwenye gari chini, ili wakiipata wawe na mtu wa kuitambua mara moja.

Walifungua kasha la chuma. Walifungua droo arobaini na nane za mbao, kila moja na nchi yake. Walipekua albamu za stempu ukurasa kwa ukurasa. Kutoka Uthiru simu iliita saa tano: nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko dogo la mkaa, chombo cha kuyeyushia, na vipande vya plasta. Sarafu haikuwepo.

"Plasta ni ya kurekebisha dari," alisema Kitonga. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono magotini, akiwatazama kama mtu anayesubiri mvua iishe.

Ilikuwa karibu saa sita pale mlango uliposukumwa na mwanamke mwenye mkoba wa vitabu akachungulia. Mwaura alitaka kumrudisha, Kavata akamzuia kwa jicho.

"Shikamoo, mzee," alisema mwanamke huyo. "Mimi ni mwalimu. Nilikuja mwezi uliopita. Nataka zile sarafu za nje za shilingi hamsini hamsini, kumi hivi, za kuwaonyesha watoto darasani." Alionyesha mtungi mkubwa wa kioo juu ya kaunta, uliojaa sarafu kuukuu, nyeusi na za kahawia, za nchi zisizohesabika.

"Leo haziuzwi," alisema Kitonga.

"Lakini bei si imeandikwa?"

"Nimesema haziuzwi! Rudi wiki ijayo."

Mwalimu aliondoka amekasirika. Kavata alibaki akiutazama mtungi. Askari walikuwa wameumwaga asubuhi na kuupekua wakitafuta kitu cha kung'aa. Hakukuwa na kilichong'aa, wakaurudisha.

"Bwana Kitonga," aliuliza taratibu, "kwa nini mtu akatae kuuza vitu vya shilingi hamsini?"

Mkono wa mzee ulipanda kifuani, ukakishika kioo.

"Mwaura, mwite mama."

Mama Awuor alipanda ngazi polepole akishikwa na Oloo. Kavata alimwaga mtungi wote juu ya kaunta, juu ya kitambaa. Zilikuwa sarafu karibu mia tatu, kubwa na ndogo, nyingi zimeliwa na kutu hata maandishi hayasomeki.

"Mama, iko humu," alisema Kavata. "Nadhani amebadilisha rangi yake. Usitumie macho."

Mama Awuor alivuta kiti. Alivua pete yake, akampa Oloo. Akafumba macho.

Alianza kuziokota moja moja, mkono wa kulia ukiokota, wa kushoto ukizisogeza pembeni. Nyingine aliziacha mara tu vidole vilipozigusa. Nyingine alizipima kidogo kiganjani, akatikisa kichwa. Dakika tano zikapita. Nusu ya rundo ilihamia upande wa kushoto. Jasho lilianza kumtoka Kitonga kwenye paji la uso, na Kavata alikuwa akimtazama yeye, si sarafu.

Mkono ukasimama.

Mama Awuor alikuwa ameshika kisarafu kidogo cheusi, kisichopendeza kuliko vyote. Alikifunga kwenye ngumi. Machozi yalitoka chini ya kope zilizofumbwa.

"Hii hapa," alisema. "Hii ndiyo yangu."

"Mwaura," alisema Kavata. "Mizani."

"Ipi, afande?"

"Hiyo yake."

Mwaura aliiweka sarafu kwenye mizani ya Kitonga mwenyewe. Sindano ilitikisika, ikatulia. Saba nukta moja, na unywele juu yake.

Kavata alimwaga spiriti kwenye pamba, akasugua. Rangi nyeusi ilitoka kama masizi, na chini yake ukatokea mkonga, kisha kidonda, kisha tembo mzima wa dhahabu, nyuma yake milima. Askari mmoja alishangilia kwa sauti, akasahau kwamba yuko kazini. Oloo alipiga magoti palepale mbele ya kiti cha mama yake, suruali ya ofisi kwenye vumbi la sakafu, pete ingali mkononi mwake.

"Bwana Kitonga," alisema Kavata, "simama. Unakamatwa kwa wizi na kwa kutengeneza sarafu bandia kwa nia ya kudanganya. Konstebo, pingu."

*

Katika chumba cha mahojiano Kitonga aliarifiwa haki zake, akakataa wakili. Aliomba maji tu.

"Ulikuwa unaipeleka wapi?" aliuliza Kavata.

"Kwa mnunuzi wa ng'ambo. Ingeondoka kesho Ijumaa."

"Bandia ulitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe. Uthiru. Siku nne zilinitosha."

"Mzee mwenye duka lako, jina lako, miaka yote hiyo. Kwa nini?"

Kitonga alikunywa maji, akaiweka bilauri mezani.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimeajiriwa dukani kwa tajiri mmoja hapa mjini, kazi yangu kupima. Mtu akaja kutoka mashambani, viatu vimepasuka, na sarafu kama hii. Hakujua ni nini. Tajiri hakuwepo. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, hii ni dhahabu, usiiuze kwa bei ndogo. Akanishukuru, akaondoka nayo. Tajiri aliporudi akasikia, akanifukuza jioni hiyo hiyo. Nilikaa miaka miwili bila kazi. Mama yangu aliugua sina hata nauli ya kwenda kumwona. Alizikwa nikiwa hapa Nairobi."

Alizungusha bilauri mezani.

"Miaka arobaini na miwili nimeifikiria ile sarafu. Nilijiambia, ikija nyingine, sitasema ukweli. Sikuwahi kudhani itakuja. Halafu huyu mama akaiweka juu ya mizani. Mkono wangu ukaandika uzito kabla kichwa hakijakumbuka. Ndiyo mazoea. Nilipotambua nimeandika nini, risiti ilikuwa imeshaingia kwenye mkoba wake. Nikaona imerudi kwangu."

"Haikurudi kwako," alisema Kavata. "Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu, na hii ilikuwa ya mtu. Siku ile ulifanya sawa, mzee. Aliyekukosea ni tajiri wako. Mama Awuor hakukukosea lolote, na ulimwacha aitwe mwendawazimu na mwanawe mwenyewe."

Kitonga aliinamisha kichwa. Alipoletewa maelezo yake aliyasoma yote, akasahihisha tahajia ya neno Tabora, akatia sahihi.

*

Mama Awuor na Oloo walikuwa wakingoja kwenye benchi mbele ya kituo, juani. Kavata aliwaeleza kwamba sarafu itabaki mikononi mwa polisi kama kielelezo mpaka kesi iishe, kisha itarudishwa. Alimweleza pia bei ambayo Lornah aliikadiria.

Mama Awuor aliisikiliza bei bila kushtuka.

"Babu alitembea nayo kutoka Tabora hadi Siaya," alisema. "Alishinda na njaa njiani na hakuiuza. Na mimi siiuzi. Lakini ni vizuri kujua tulikuwa na nini."

Aliuchukua mkono wa inspekta kwa mikono yake yote miwili, akautikisa mpaka kofia ya Kavata ikaenda upande. Mwaura alitoka kituoni akampigia saluti kamili, kama anavyopigiwa kamanda, na mama akacheka hadi akashika mbavu.

Simu ya Oloo iliita. Alikuwa mjomba wake kutoka Siaya, akiuliza kama Jumamosi wamtume mtu stendi kumpokea mama, na kama chumba cha nyuma kipakwe rangi.

Oloo alimtazama mama yake. Alikuwa ameshasimama, anafunga lesso kiunoni, anauliza kama kuna mtu anayeelekea Kenyatta Market, maana wateja wa pilau ya Jumapili huja Alhamisi.

"Msipake rangi," Oloo alisema kwenye simu. "Mama haji. Ana kazi."